Mdogo wangu, punguza mwendo

Mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeuona saa kumi na moja alfajiri, nafunga kamba za raba. Wewe uliutuma saa nane usiku, bado unahangaika na ripoti ya bosi. "Dada, nakomaa." Nilicheka, halafu kicheko kikakata. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua mnaokomaa hivyo ni wengi. Jina lako nimelificha, usinune.

Una miezi minne kazini. Unawahi basi la kwanza la mwendokasi Kimara, unashuka Kivukoni mlinzi hajamaliza hata kunywa chai, unarudi watu wamelala. Mjomba anakusifia kila msibani na kila harusini. Mimi sikusifii.

Unakumbuka nilivyoanza kukimbia? Nilitaka nusu marathoni, kilomita 21 na kidogo, na nilijipa miezi mitatu. Kila alfajiri natoka Kinondoni hadi Coco Beach, nguvu zote, kila siku. Akinipita mtu pale Daraja la Tanzanite, hata awe kijana wa kidato cha sita, namfukuza. (Daraja lina kilomita moja tu, lakini hebu mfukuze mtu pale, utadhani unakwenda Zanzibar.) Wiki ya tano ugoko wa kushoto ukaanza kuuma. Nikauchua kwa dawa, nikaendelea. Wiki ya saba nilikuwa nashuka ngazi za ofisini kwa ubavu kama kaa. Mbio zenyewe nilizitazama kwenye simu.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa klabu ya jogging, hizi za mitaani zinazoziba barabara Jumapili asubuhi kwa fulana za rangi moja na nyimbo. Aliniuliza swali moja: "Wewe ukikimbia, unaweza kuimba?" Nikamwambia hata kusema siwezi. Akasema, basi hukimbii, unakimbizwa.

Nenda kawatazame siku moja. Anayeimbisha hatangulii mbali, na wimbo hauendi kasi kuliko pumzi ya wanaoitikia. Ukishindwa kuitikia, umezidisha. Sisi shuleni tulipiga mchakamchaka miaka yote tukidhani zile nyimbo ni za kutuchangamsha tu! Kumbe ni kipimo. Hata wakimbiaji wakubwa, kilomita zao nyingi za mazoezi ni za mwendo ambao mtu anaweza kupiga soga. Siku za kukaza zipo, ila ni chache kwa wiki, na baada yake wanapumzika kwa makusudi.

Sababu ni kwamba mwili haujengeki ukiwa unakimbia. Ukiwa unakimbia unaubomoa. Unajengeka baadaye, ukila na ukilala. Na haujengeki wote kwa pamoja: pumzi inapata nguvu ndani ya wiki chache, mifupa na kano vinadai miezi. Kwa hiyo kuna kipindi kibaya sana ambapo kifua kinakwambia twende na mguu bado hauko tayari. Wewe sasa hivi uko hapo hapo. Una kifua cha mtu wa miaka ishirini na tano.

Mimi nilipita hapo kazini pia, na hili sijawahi kukusimulia. Kipindi cha kufunga hesabu nililala masaa matatu matatu kwa siku tisa. Siku ya kumi nikapitisha malipo ya msambazaji yenye sifuri moja ya ziada. Niliyaona, nikayasoma mara mbili, nikaona yako sawa. Pesa zilirudi baada ya wiki mbili za kubembelezana. Zile siku tisa hakuna aliyezikumbuka. Ile sifuri wanaikumbuka hadi leo.

Najua utaniletea habari ya John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa marathoni ya Olimpiki, maana kila bosi wa mjini hapa ana hotuba yake. Ni kweli: Mexico City, 1968, juu kule hewa nyepesi, akaanguka, goti likaumia, akafika uwanjani na bandeji zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Walianza 75, wakamaliza 57, yeye wa mwisho. Kila nikikumbuka machozi yananilenga. Lakini ile ilikuwa siku ya Olimpiki, mdogo wangu. Akhwari hakufunga goti bandeji kila Jumatatu ili kumalizia kazi ya mwenzake aliyeondoka saa kumi.

Mimi nakuletea Alphonce Simbu. Shaba ya dunia ya marathoni aliipata London mwaka 2017. Dhahabu ikaja Tokyo, Septemba 2025, ya kwanza kwa Mtanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Miaka minane katikati. Na siku yenyewe, kwenye joto lenye unyevu kama letu hili, alitulia kundini hadi mwisho. Amanal Petros wa Ujerumani alikuwa mbele yake wanaingia mstari wa mwisho. Wote wakaandikiwa saa 2, dakika 9, sekunde 48. Ikabidi waamuliwe kwa picha. Simbu alikuwa na kitu cha kutumia pale kwa sababu hakukitumia mapema.

Sikwambii uwe mzembe. Anayekimbia polepole anatoka mwaka mzima, mvua za masika na joto la Februari, wakati aliyekaza yuko kitandani na barafu mguuni. Kufunga mwezi, kaza, hata mpaka usiku. Tarehe nane, tisa, kumi, ondoka saa kumi na moja na wenzako. Bosi akinuna, atanuna siku tatu, atazoea. Wangu alizoea.

Jumapili hii nitakuwa mwanzo wa daraja, upande wa Aga Khan, saa kumi na moja na nusu. Simu ya ofisi iache Kimara. Utanisimulia huyo bosi wako tangu mwanzo tukiwa tunakimbia, na nikisikia unahema katikati ya sentensi, tunatembea. Supu juu yangu.

Dada yako