Barua ya wazi kwa waandishi vijana wa Nyanda za Juu Kusini kuhusu uchunguzi wenye mkono wa siasa

Wanangu mnaoandika habari Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe, kamwene.

Kila unapotangazwa uchunguzi unaogusa siasa, nawasoma mkigawanyika kabla jalada halijafunguliwa: asiyempenda mtuhumiwa anasema sheria ichukue mkondo wake, anayempenda anasema mtu wake anaonewa. Nilifanya kazi ya ukarani wa mahakama mpaka nilipostaafu, na ombi langu kwenu ni kwamba muweke kando kwa muda swali la nani anachunguzwa, mshike jingine ambalo naliona lina uzito zaidi: ni nani mwenye uwezo wa kuusimamisha uchunguzi huo, na akiusimamisha, atalazimika kumweleza nani sababu?

Mwenzenu Erick Kabendera alikamatwa Dar es Salaam Julai 2019. Kwanza tuliambiwa kinachochunguzwa ni uraia wake, kisha Agosti akafikishwa mahakamani kwa mashtaka ya kukwepa kodi, kutakatisha fedha na kushiriki genge la uhalifu. Utakatishaji fedha hauna dhamana, kwa hiyo alikaa mahabusu huku kesi ikitajwa na kuahirishwa kwa ile kauli ambayo kila karani ameiandika mpaka mkono ukachoka, kwamba upelelezi haujakamilika. Mama yake alifariki yeye akiwa ndani. Alitoka Februari 2020 baada ya kukiri kwa makubaliano na upande wa mashtaka na kutakiwa kulipa fedha nyingi, na kwa namna hiyo ushahidi haukuwahi kupimwa mbele ya umma. Sisemi alikuwa na hatia wala hakuwa nayo. Nasema msomaji alinyimwa njia ya kujua.

Kwa upande mwingine, maneno yaliyotamkwa kwenye mkutano wa hadhara Mbeya mwishoni mwa 2017 yalimfikisha mbunge wa Mbeya Mjini, Joseph Mbilinyi, kwenye kifungo cha miezi mitano kufikia Februari 2018. Panapokuwa na nia, faili hutembea.

La Nyololo mnalijua, ila wengi wenu mlikuwa shule ya msingi, kwa hiyo nitalirudia. Tarehe 2 Septemba 2012, katika kijiji hicho cha Mufindi, Daudi Mwangosi wa Channel Ten, aliyekuwa pia mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa Iringa, aliuawa mikononi mwa polisi akiwa kazini kwenye shughuli ya CHADEMA. Waziri mwenye dhamana ya polisi aliunda kamati yake, na hapo wazee tulinong'onezana juu ya kesi ya ngedere kupelekewa nyani. Kilichosaidia ni kwamba mlango wa kuchunguza haukuwa mmoja. Baraza la Habari na Jukwaa la Wahariri walifanya uchunguzi wao, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ikafanya wa kwake na kusema polisi walikiuka haki za binadamu, na juu ya yote zilikuwepo picha zilizopigwa na waandishi waliokuwa pale pale, ambazo hakuna bosi yeyote angeweza kuziagiza zirudi kabatini. Julai 2016 Mahakama Kuu Iringa ilimhukumu askari mmoja miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Askari mmoja tu, wakati picha zilionyesha wengi. Hilo bado linaniuma, lakini naamini bila kamera za wenzake hata huyo mmoja tusingemwona kizimbani.

Sasa tupande ngazi. Mwaka 2008 kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na mbunge wa Kyela, Dk. Harrison Mwakyembe, ilisoma bungeni taarifa yake kuhusu mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond, nchi nzima ikisikia, na kesho yake, tarehe 7 Februari, Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Shauri hilo halikwenda mahakamani dhidi yake. Hakutiwa hatiani wala hakusafishwa, na ndiyo maana 2015, alipogombea urais kupitia CHADEMA, waliomwita fisadi miaka saba walimbeba mabegani, na waliomtetea wakagundua ghafla kwamba ni fisadi. Uchunguzi usiofikishwa mwisho hubaki dukani, kila chama kikanunua kipande kinachokifaa.

Kwa Rais, mlango ni mwembamba zaidi. Ibara ya 46 ya Katiba inazuia kumshtaki kwa jinai akiwa madarakani, na hata akiondoka, kwa jambo alilolifanya kama Rais. Njia iliyoachwa ni ya Bunge kumwondoa madarakani kwa ibara ya 46A: hoja iliyosainiwa na wabunge wasiopungua asilimia 20, kamati maalumu chini ya Jaji Mkuu, kisha theluthi mbili ya wabunge wote. Marekani, Oktoba 1973, Rais Richard Nixon aliamuru mwendesha mashtaka aliyekuwa akimchunguza, Archibald Cox, afukuzwe kazi. Mwanasheria Mkuu alijiuzulu kuliko kutii, Cox akaondolewa hata hivyo, lakini uchunguzi haukufa, kwa sababu Bunge, mahakama na magazeti vilikuwa navyo vimeushika. Nixon aliachia ngazi Agosti 1974, na mwezi uliofuata mrithi wake akamsamehe kabla hajashtakiwa. Kwa hiyo hata huko, mwisho ulikatwa na mkono wa mtu mmoja.

Kwenu nyinyi kazi inaanzia chini. Kesi ikitajwa Mafinga, Makambako au Tunduma, nendeni hata kama mhariri anasema hapo hakuna habari. Andikeni mara ngapi imeahirishwa, nani aliomba na kwa sababu gani. Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) akiifuta, andikeni tarehe na mkaulize ofisini kwake. Na mtuhumiwa akiwa ni mtu mnayemchukia, mfuatilieni kwa kalamu ile ile.

Ni mimi mzee wenu,
Iringa