Kusomewa nako ni kusoma

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Huku Tanga sote hatujambo. Eti shemeji anakucheka kwamba riwaya zako huzisomi, unasomewa tu na mwanao wewe ukiwa kwenye cherehani? Mwambie aje kwangu nimpe habari za Waingereza wa kale.

Margaret Hoby, bibi wa jumba kubwa huko Hackness, Yorkshire, aliandika shajara kati ya 1599 na 1605. Humo utamkuta anashona na wajakazi wake, huku Bwana Rhodes, kasisi wa nyumba, akisoma vitabu vya dini. Kusoma alijua sana, ila mikono ilikuwa na kazi. Na wajakazi nao walipata fungu lao, hata kama alikuwemo asiyejua herufi.

Ninayempenda zaidi ni Samuel Pepys, karani mkubwa wa ofisi ya jeshi la majini, London, ambaye naye aliandika shajara. Krismasi ya 1668 mkewe Elizabeth alishinda na nguo za nyumbani mpaka saa nne usiku, akirekebisha gaguro lake na kulitia lesi. Pepys yuko ubavuni, kijana wao wa kazi anasoma maisha ya Julius Caesar, kisha kitabu cha Descartes, mwanafalsafa Mfaransa, juu ya muziki. Hicho cha pili Pepys anakiri hakukielewa. (Mke hakuulizwa!) Macho yalikuwa yakimsumbua Pepys, na Mei 1669 aliacha shajara kabisa kwa kuhofia upofu. Hakupofuka.

Aliyepofuka ni John Milton, mshairi, kufikia 1652. Mpwa wake, Edward Phillips, anaeleza kwamba mabinti wawili wadogo wa Milton walitakiwa kumsomea baba yao Kiebrania, Kigiriki, Kilatini na lugha nyingine kadhaa, wakizitamka barabara bila kuelewa. Sisi nasi kwenye chuo cha Kurani tulianza hivyohivyo na Kiarabu, lakini thawabu ilikuwa yetu. Wale walisoma kwa haja ya baba, miaka na miaka, mpaka manung'uniko yakawatoka waziwazi. Mwisho wakaondolewa, wakapelekwa kujifunza kutarizi kwa nyuzi za dhahabu na fedha.

Kwa hiyo shemeji mwache acheke. Wa kuulizwa ni huyo binti: riwaya anaipenda, au anakusomea kwa kukuogopa? Akichoka, mpe cherehani yeye, kitabu ushike wewe.

Wako wa siku zote.