Mapezi ya Kuogelea: Kabla ya Bei, Tuambie Unaenda Kufanya Nini Majini

Hapa dukani kwetu Moshi tumezoea kuulizwa majaketi, magongo na mifuko ya kulalia ya watu wa mlimani. Lakini Desemba ikikaribia lazima aingie mtu na swali la bahari: "Mapezi mnayo? Naenda Zanzibar." Tunayo, yale ya kuvaa miguuni. Ila na sisi tuna swali letu: unaenda kuelea juu na mrija wa kupumulia, au unaenda kuzama na mtungi wa hewa?

Zamani hatukuuliza. Pezi ni pezi, tulidhani. Dada mmoja tukamkodisha mapezi marefu, magumu, ya wapiga mbizi, maana ndiyo yaliyokuwa yamebaki na kwa macho yalionekana ya maana zaidi. Akaenda nayo kisiwa cha Mnemba, kule Zanzibar, kutazama samaki. Siku ya kuyarudisha aliyabwaga kaunta bila hata salamu. Hakumaliza nusu saa majini, vigimbi vikakaza, nahodha akamvuta kumrudisha botini. Kosa lilikuwa letu, na pesa yake tulimrudishia.

Anayezama na mtungi ana mzigo. Ule mtungi nchi kavu unafika kilo 14 na zaidi. Majini uzito hausikiki sana, lakini mtungi, jaketi la kuelea na mipira ya hewa vyote vinakinzana na maji. Ndiyo maana anahitaji pezi lenye bapa pana na gumu, apige mateke machache ya polepole yenye nguvu. Mwenye mrija hana cha kusukuma zaidi ya mwili wake, tena maji ya chumvi yamemwinua. Huyo bapa fupi linalopinda kwa urahisi linamtosha kabisa. Akivaa refu, kila teke linatoka juu ya maji na kurusha povu, samaki aliowafuata wanakimbia, na akifika penye maji mafupi anavunja matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua.

Halafu kuna kisigino. Mapezi yaliyofungwa nyuma huvaliwa peku kama kiatu. Ni mepesi na yanafaa ukirukia majini kutoka botini. Ya mkanda yako wazi nyuma na huvaliwa juu ya buti laini za majini, na wapiga mbizi wengi hupenda hayo. Lakini hata mtu wa mrija, kama ataingilia ufukweni upande wa mashariki wa Unguja, tunamshauri achukue buti. Kule maji yakipwa utatembea mbali juu ya miamba, na wale wadudu wenye miiba mirefu myeusi hawamjui mgeni.

Saizi usitaje kwa mdomo, njoo ujaribu. Ya mkanda yajaribu ukiwa umevaa buti zenyewe. Kaa, nyoosha mguu, utikise kwa nguvu: pezi likicheza litakuchubua mpaka malengelenge, na vidole vikijikunja ndani ujue misuli itakaza. Ukiwa katikati ya saizi mbili, chukua kubwa na uvae soksi nyembamba. Dogo halitanuki.

Wanaopanda ndege ndogo za visiwani waangalie begi pia. Nyingi zinaruhusu kilo 15 tu, na mapezi marefu hayaingii kwenye begi laini la kawaida. Wa basi hadi Tanga au Dar hana shida hiyo.

Na kama safari yenyewe ni chemchemi ya Chemka, baki na hela yako. Pale ni kuelea, kudandia kamba na kuacha samaki wadogo wakutekenye nyayo. Mapezi utaishia kumpiga nayo jirani.

Kwa wageni wenu wanaotaka Kilimanjaro na kuzama katika safari moja, mlima utangulie. Mwili uliotoka kupumua hewa ya mtungi chini ya maji hautakiwi kupandishwa juu haraka. Baada ya kuzama mara kadhaa, ushauri wa kawaida ni kungoja walau saa 18 kabla ya kupanda ndege.

Ukiyarudisha, yawe yamesuuzwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kukaushwa kivulini. Mchanga kidogo tunasamehe. Yakija yamepinda kwa sababu yalisimamishwa kwa ncha nyuma ya gari siku tatu juani, hapo tutaongea.