Taa za ufuoni zinawapoteza watoto wa kasa

Mhariri,

Wakati wa likizo nilikwenda Watamu na wanangu wawili, tukafikia hoteli inayotunza viota vya kasa ufuoni pake. Ilipofika saa mbili usiku taa zote za upande wa bahari zikazimwa. Kitindamimba wangu akadhani stima imepotea. Kumbe kulikuwa na kiota kilichokaribia miezi miwili, na mlinzi wa usiku alikuwa akikingoja kama mtu anayengoja mgeni wa heshima.

Kilifunguka usiku wa pili, saa tisa. Mchanga ulianza kutokota kama uji, kisha wakatoka, mmoja mmoja, halafu kwa makumi. Tochi ilikuwa ya mwanga mwekundu, na tulikatazwa kuwashika. Wengi walishika njia ya majini. Lakini kama kumi hivi walikata kona, wakaelekea kwa jirani, ambako taa kubwa ya kumulika ilikuwa ikiwaka juu ya ukuta. Mlinzi aliwafuata na ndoo yenye mchanga mbichi.

Mtoto wa kasa hufuata penye mwanga zaidi, na tangu zamani penye mwanga usiku palikuwa baharini, maji yakirudisha mng'ao wa mwezi na nyota. Akipotea, humaliza nguvu mchangani hadi kaa wamkute, au jua. Hata wanaofika majini ni wachache mno wanaokua, na anayekua huchukua miaka 20 au zaidi kabla ya kutaga.

Asubuhi nilimwendea huyo jirani. Nikajibiwa kwamba taa ni za usalama wa wageni. Saa tisa usiku sikuona mgeni hata mmoja ufuoni.

Ndiyo maana naona hiari haitoshi: hoteli moja ikizima, ya pili inaharibu. Watamu ina hifadhi ya bahari tangu 1968, na wavuvi wa huko wameubeba mzigo huu muda mrefu. Mvuvi akinasa kasa hutakiwa amwachilie, hata kama wavu umechanika, na kifuta jasho anachopewa ni kidogo. Mwenye hoteli anaombwa abonyeze swichi tu. Serikali ya kaunti inapotoa leseni za biashara, iweke sharti: taa zinazotazama bahari zizimwe usiku, au zikingwe na kuelekezwa chini. Na viti vya kuotea jua viondolewe jioni, kwa sababu mama kasa akivigonga hurudi majini bila kutaga.

Wasomaji wanaopanga safari ya pwani wanaweza kuanza wenyewe. Ulizieni taa kabla ya kuulizia bei ya chumba. Mimi sikujua kama ni jambo la kuulizwa.

Msomaji wenu,
Kisauni, Mombasa