Mwanza isiwe mji wa kuuguza tu kwa sisi wa ng'ambo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji. Mimi ni fundi cherehani, naishi kijijini wilayani Sengerema, na nina jambo linalohusu Jiji la Mwanza na sisi tunaokaa ng'ambo yake, upande wa pili wa ziwa.

Kwetu ukiaga kwamba kesho unakwenda Mwanza, watu wanakuuliza, "Nani anaumwa?" Hakuna anayedhani unakwenda kutembea. Hospitali ya Bugando ilifunguliwa mwaka 1971 na imekuwa kimbilio la watu wa Kanda ya Ziwa nzima. Ndugu zetu wengi wamepona pale, na nashukuru kwa moyo wote. Lakini watoto wetu wanaujua mji ule kwa ugonjwa tu. Pacha wangu, Kulwa na Doto, walijua Mwanza ni mahali babu yao alikopelekwa akiwa amelazwa kwenye gari, akarudi ndani ya sanduku. Nilipomwambia Kulwa kwamba sikukuu nitampeleka Mwanza, alianza kulia. Akasema, "Mama, mimi siumwi."

Maneno hayo yalinichoma. Mimi na baba watoto tukakubaliana kwamba lazima watoto waende Mwanza wakiwa wazima, wakatembee, wakaangalie, warudi. Tuliweka akiba kwenye kikoba, na mpunga ulipouzwa tukaondoka sisi wawili, pacha, dada yao wa darasa la sita, na mama mkwe wangu. Mama mkwe alimuuguza marehemu mumewe Bugando hadi mwisho. Alikuwa hajarudi tena Mwanza tangu tulipomzika.

Tulipita darajani. Daraja la J.P. Magufuli, lililozinduliwa Juni 19, 2025, lina urefu wa kilomita 3 kutoka Busisi hadi Kigongo, na gari linapita moja kwa moja bila kusimama. Mama mkwe alimwomba konda amwonyeshe kivuko kilikuwa kinaegesha wapi. Konda akamwonyesha kwa kidole, naye mama mkwe akatazama mpaka tukaupita ukingo. Zamani hapo mgonjwa alisubiri kivuko kama abiria wengine, usiku au mchana. Wanaopita sasa kwa dakika chache wakumbuke hilo.

Wifi yangu anakaa Mabatini, juu kabisa, kwenye zile nyumba zilizokaa katikati ya mawe. Doto alipofika tu akauliza maji wanayapandishaje huku. Alijibiwa kwa kupewa dumu la lita tano. Nyinyi wa mjini mmezoea, lakini kwa mtoto aliyekulia kwenye tambarare ya mashamba ya mpunga, jiwe kubwa kuliko darasa lililokaa juu ya jiwe jingine bila kuanguka, na chini yake mtu ameanika nguo, ni jambo la kusimuliwa mwaka mzima.

Sasa nije kwenye kisiwa cha Saanane, maana ndiko nilikopata hasa cha kuandika. Boti zinatokea Capri Point na safari ni fupi. Mama mkwe alipoona maji alisita. Ana sababu. MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, kijijini kwao matanga yaliwekwa. Septemba 20, 2018 ikaja MV Nyerere kule karibu na Ukara. Mtu wa kando ya ziwa hawezi kupanda chombo bila kuyakumbuka hayo, na asiyeyakumbuka ni mtoto. Askari wa hifadhi hakumcheka wala hakumharakisha. Alichukua jaketi okozi, akamvalisha juu ya khanga, akakaza mkanda mmoja baada ya mwingine, akavuta kuona kama umeshika, akamwambia, "Bibi, hatuondoki mpaka mwenyewe useme twende." Mama mkwe akanyamaza kidogo, halafu akasema twende. Tulipokuwa majini aliinua kichwa akaitazama Bugando kule juu kilimani. Akaniambia, "Mkamwana, miezi yote ile mimi nilikuwa naliona ziwa hili dirishani. Hakuna aliyeniambia kwamba watu huwa wanakuja huku kutembea."

Kisiwani tuliona swala, tumbili, na kenge aliyekatiza njia taratibu kana kwamba hatupo. Kwenye mwamba wenye jua mjusi dume alikuwa anapandisha na kushusha kichwa, kichwa chekundu cha waridi na mwili wa buluu, na pacha wakawa wanamwigiza. Pimbi walikuwa wamejipanga juu ya jiwe wakiota jua. Askari akawaambia watoto kwamba ndugu wa karibu wa mnyama huyu mdogo ni tembo. Binti yangu mkubwa hakukubali mpaka alipoelezwa habari za meno na kucha. Kisha askari akatusimulia habari ya kisiwa chenyewe: kwamba alikuwa akiishi hapo mzee mvuvi aliyeitwa Saanane Chawandi, kwamba mwaka 1964 kikafanywa bustani ya wanyama, na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa. Binti aliandika yote kwenye daftari. Shule ilipofunguliwa alisimama mbele ya darasa akayaeleza, na mwalimu wake alinitumia ujumbe kunipongeza. Mimi niliishia darasa la saba, Mhariri. Siku hiyo nilishona huku nikiimba.

Sasa linganisha na Jiwe la Bismarck. Ndilo jiwe linalochapwa kwenye kalenda na kila picha ya Mwanza, na watoto walikuwa na hamu nalo kuliko vyote. Tulifika pale, tukalitazama, ni zuri kweli lilivyosimama majini na ndege juu yake. Binti akauliza Bismarck ni nani. Tuliowauliza kila mmoja alikuwa na jibu lake. Hatukuona maandishi ya kutusaidia. Kijana mmoja akajitokeza akasema anayepiga picha na simu lazima alipe, na baba watoto akalipa kwa kuogopa ubishi mbele ya mama yake. Ni mwalimu wa binti aliyekuja kutueleza baadaye kwamba Otto von Bismarck alikuwa kansela wa kwanza wa Ujerumani, na Wajerumani ndio walioitawala nchi hii mpaka Vita Kuu ya Kwanza. Sentensi mbili tu! Zikiandikwa kwa Kiswahili kwenye bango, na chini yake yakaongezwa maneno kwamba kulitazama jiwe ni bure, mtoto wa mkulima atarudi nyumbani na elimu, na baba yake atarudi na hela ya soda.

Hapo hapo Doto akabanwa haja. Tulikwenda kwenye hoteli moja ya jirani, mlinzi akatutazama miguuni, akasema choo ni cha wateja. Mama lishe mmoja aliyekuwa anapakua wali ndiye aliyetuona, akamwacha mteja wake, akatuchukua hadi wanakojisaidia wao, akakataa hela. Mungu ambariki. Lakini mji unaotaka wageni hautegemei huruma ya mama lishe. Hata kama ni choo cha kulipia, kiwepo karibu, kiwe na maji, na bango lake lionekane. Na pawepo kivuli cha mzee kukaa, kwa sababu sisi hatuji na gari la kukaa ndani huku tukisubiriana.

Bujora tulikwenda kesho yake, kwa haisi za Kisesa. Makumbusho yale ya Wasukuma yaliasisiwa na padri kutoka Kanada, David Clement, na kazi yake pale ilianza miaka ya 1950. Pale mwongozaji alikuwa hodari, lakini tulipofika kwenye vyombo vya nyumbani mama mkwe alimpokea maneno. Alieleza chungu kile kilipikiwa nini, kibuyu kile kilihifadhi nini, akaimba na wimbo wa kusagia nafaka. Mwongozaji akaomba arudie, akamrekodi kwa simu. Wazee wetu wana mambo ya kuwapa wa mjini pia.

Tulirudi kwa kivuko kingine, kile cha Kamanga, ili watoto waone mji ukiwa nyuma yao, na Kulwa alikuwa akihesabu vilima. Hakutaka kushuka.

Ninachoomba si kitu kikubwa. Kwenye kivuko cha Kamanga, kwenye stendi ya Nyegezi na ile ya Nyamhongolo, pawekwe bango la Kiswahili chepesi linalosema mtu anaweza kutembelea wapi, anapanda gari gani, kiingilio cha Mtanzania mkubwa na mdogo ni kiasi gani, na siku gani ni bora. Watu wa kwetu hawaendi kwa sababu wanaamini vitu hivi ni vya wazungu na bei yake ni ya wazungu. Sivyo. Mtanzania analipa kwa shilingi, na bei yake iko chini sana ya ile ya mgeni wa nje. Nani amewaambia? Mimi nilijua nilipofika mlangoni.

Walimu nao nawaomba. Safari za shule zikitajwa, ni Serengeti na Ngorongoro, na kwa mzazi wa kwetu mchango huo hauwezekani, basi mtoto anabaki. Saanane na Bujora viko jirani, na daraja lipo. Na wazazi wenzangu, tunachangia harusi na ubarikio mpaka tunakopa. Tutenge na fungu la kuwatembeza watoto.

Kikoba chetu kimeshakubali. Kaya kadhaa zimeanza kuchanga kwa ajili ya mavuno yajayo, na kila jioni wananiletea maswali kibandani kwangu. Boti ya Saanane ya mwisho inarudi saa ngapi? Ngoma za sherehe ya Bulabo za Bujora mwaka ujao zinaangukia tarehe gani? Kundi la watu thelathini linapunguziwa? Naomba anayehusika ajibu kupitia ukurasa huu huu. Nitakata kipande hicho cha gazeti nikibandike mlangoni, juu ya cherehani, kila mtu asome.

Mama Kulwa,
Sengerema, Mwanza