Heri ya Kumi na Nne Julai

Ndugu, jamaa na marafiki, hamjambo huko mliko? Nawaandikia kutoka Paris usiku huu wa tarehe 13, dirisha liko wazi na muziki unapanda kutoka barabarani. Sikukuu ya taifa ni kesho. Wenyeji hawaiiti siku ya Bastille, hilo ni jina la wageni. Wao husema kumi na nne Julai, basi, kama sisi na Saba Saba yetu.

Ukiuliza ni kumbukumbu ya nini, utajibiwa upesi: watu kulivamia gereza la Bastille mwaka 1789. Ni kweli, ingawa ndani walikutwa wafungwa saba tu, na wavamizi walichokuwa wanakitafuta hasa ni baruti. Ila sheria ya 6 Julai 1880, iliyoifanya siku hii kuwa ya taifa, haikutaja mwaka. Wapo wabunge waliouona 1789 umejaa damu, wakaachiwa nafasi ya kukumbuka 1790. Mimi nimeshika huohuo 1790.

Mwaka ule iliandaliwa sherehe ya umoja kwenye uwanja wa Champ-de-Mars. Siku ikakaribia, matuta ya kukalia watu bado. Wakazi wa Paris wakatoka wenyewe na sepetu na matoroli, tajiri na maskini, mapadri na mafundi, wakasomba udongo pamoja. Siku yenyewe mvua ikanyesha bila huruma. Jenerali Lafayette akala kiapo, mfalme Louis wa 16 naye akaapa, na watu waliolowa chapachapa wakacheza kwenye matope. Miaka miwili na nusu baadaye mfalme huyohuyo alikatwa kichwa, lakini tusiharibu sikukuu. Siku hizi Mnara wa Eiffel umesimama kando ya uwanja huo, na fataki za kesho usiku zitarushwa hapo.

Gwaride mtaliona kwenye televisheni. Lile la 1919, baada ya vita kuu, lilitanguliwa na majeruhi, wengine wakisukumwa kwenye viti. Wajerumani walipoikalia Paris, halikuwepo. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, wahudumu wa afya ndio waliopewa heshima. Kesho kisubirini Kikosi cha Wageni, askari wa jeshi la Ufaransa waliotoka nchi nyingine: mbele wanaume wenye madevu, aproni za ngozi na mashoka begani, wanatembea hatua 88 kwa dakika wakati wenzao wanakwenda 120. Wanapita taratibu kama wanaosindikiza bibi harusi.

Katika mji wa Nice, mwaka 2016, watu 86 waliuawa usiku wa sikukuu hii, fataki zikiwa zimetoka kuisha. Huko hadi leo siku hii ina msiba ndani yake, nasi tunawapa pole.

Ninachokipenda zaidi ni dansi la zimamoto. Leo na kesho vituo vyao vinafunguliwa, magari yanasogezwa, na mlangoni pengi linawekwa pipa, unatumbukiza ulichonacho. Mwaka jana jirani yangu wa ghorofa ya tatu, bibi mwenye fimbo, aliniomba nimshike mkono hadi huko. Kufika tu akanikabidhi fimbo, akaenda kucheza. Nilikaa nayo saa nzima.

Salamu za pekee kwa ndugu zetu wa Maore (Mayotte), kisiwa kilicho chini ya Ufaransa, ambako nako kesho ni sikukuu. Heri kwenu nyote. Naona bibi ameshaanza kugonga mlango.