Tafsiri ya mashine iwe na mtu wa kuiwekea saini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili niseme jambo kuhusu kazi ya kufasiri, ambayo nimeifanya kwa miaka kumi na tisa, na ambayo akili mnemba imeigeuza kwa kasi ambayo wengi wetu hatukuitarajia. Siandiki kuomba mashine zizuiwe, kwa kuwa mimi mwenyewe ninazitumia kila siku na kuna kazi ambazo zinanisaidia kweli. Ninachoomba ni kwamba hati yoyote ya Kiswahili inayogusa afya ya mtu, mali yake au kesi yake isitolewe mpaka awepo mfasiri aliyeisoma yote, akaikubali kuwa ni yake na kuiandikia jina.

Majuzi nililetewa maelezo ya dawa, kurasa nne, ambayo yalikuwa yamekwisha kufasiriwa na mashine, nikaambiwa niyapitie tu. Kiswahili chake kilisomeka vizuri, upatanisho wa ngeli ulikuwa sawa, na msomaji mwenye haraka asingeona kasoro. Lakini ukurasa wa kwanza ulimwambia mgonjwa ameze kidonge saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, na ukurasa wa tatu ukamwambia ameze kidonge hichohicho saa 8 asubuhi na saa 8 usiku. Kila anayehesabu saa kwa Kiswahili anajua kwamba hakuna saa 8 asubuhi, na kwamba saa 8 usiku ndiyo usiku wa manane wenyewe. Mahali pamoja mashine iliondoa zile saa sita zinazotutenga na Waingereza, mahali pengine ikaichukua tarakimu yao kama ilivyo. Mgonjwa wa kawaida hapigi simu kuuliza karatasi ya hospitali ilikusudia nini. Ataamka usiku ameze, au ataiacha dozi.

Mwaka jana nilipata hati ya mirathi iliyotumwa na ndugu anayeishi Uingereza, naye aliandika kwa Kiingereza, lugha ambayo ina neno moja tu kwa kaka wa baba na kaka wa mama. Mashine iliandika "mjomba" tangu mwanzo hadi mwisho. Nilisita, nikampigia simu mwenye hati, nikaambiwa kuwa huyo ni amu wa marehemu, yaani kaka wa baba yake, baba mmoja mama mmoja. Katika mirathi ya Kiislamu hilo si suala la ufasaha. Amu ni asaba, yaani jamaa wa upande wa kiumeni, na anaweza kupata kinachobaki baada ya wenye mafungu, yaani warithi waliowekewa sehemu maalumu, kupewa haki zao, ilhali mjomba ni katika jamaa wa mbali ambao hawafikiriwi maadamu asaba yupo. Neno lile lingebaki kama lilivyo, amu huyo angeenda mbele ya kadhi na karatasi inayomkana. Mashine haikuwa na njia ya kujua, na wala haikuonyesha kwamba ina shaka. Hapo ndipo ninapoona hatari, kwa sababu mfasiri mwenye shaka huuliza.

Najua ofisi zetu zina mzigo. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama hapa Tanzania, jambo ambalo wengi tulilingojea kwa miaka, na hati zilizoandikwa kwa Kiingereza zinazongoja kufasiriwa ni nyingi mno. Sishangai mkuu wa ofisi anaposhawishika kuzipitisha zote kwenye programu kwa siku moja. Ila akifanya hivyo, aliyeumizwa na kosa atamwendea nani?

Kuhusu malipo nitasema kwa ufupi. Kampuni moja iliyozoea kunipa kazi, ambayo sitaitaja, hulipa kwa neno. Sasa kazi ileile imeitwa kuhariri, na malipo yake ni theluthi ya yale ya zamani. Lakini ili nilione kosa la saa 8 ni lazima nisome Kiingereza, nisome Kiswahili, kisha nilinganishe mstari kwa mstari, na muda ninaotumia haujapungua kwa theluthi mbili.

Linaloniumiza zaidi ni vijana. Mimi nilijifunza kwa kufasiri vyeti vya kuzaliwa, barua za vikundi vya wakulima na maelezo ya mifuko ya mbegu, huku mzee aliyenifunza akipitisha kalamu nyekundu na kuniuliza, "Mwanangu, hapa umefasiri maneno au umefasiri habari?" Kazi hizo ndogo ndogo ndizo za kwanza kuchukuliwa na mashine. Kijana anayemaliza shahada ya Kiswahili leo haoni mahali pa kukosea na kusahihishwa, na baada ya miaka kumi ndiye atakayetakiwa kuyakagua maelezo ya dawa. Inasikitisha zaidi ukikumbuka kwamba Kiswahili cha mashine za akili mnemba kimetoka kwetu, wakiwemo watu waliotoa sauti zao bure katika Common Voice, mradi wa Mozilla wa kukusanya sauti za kuifunza kompyuta kutambua usemi, wakisoma sentensi moja moja kwenye simu kwa mapenzi ya lugha yao.

BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1967, tayari huthibitisha tafsiri. Naliomba Baraza, pamoja na wizara zinazohusika na afya na sheria, liweke sharti kwamba tafsiri ya hospitali, ya mahakama na ya mirathi ionyeshe iwapo mashine ilitumika, imtaje mfasiri anayewajibika, na mfasiri huyo alipwe kama mfasiri. Sharti hilo halihitaji mitambo mipya.

Yale maelezo ya dawa niliyarudisha yakiwa na saa 2 katika kurasa zote, na chini yake nikaandika jina langu na namba ya simu ili mwenye swali aulize. Nilipoyaona yamechapishwa, saa zilikuwa sahihi, lakini jina na namba vilikuwa vimeondolewa.

Mfasiri,
Tanga